Kaizari wa kloni ana roho yake au anaishi na ya babu yake? (Foundation, kuna spoila)

Nyota_ya_Saba:

Wakuu za muda huu. Nina swali limenikaa kichwani wiki nzima, kila nikijaribu kulijibu mwenyewe narudi palepale. Nimeirudia sizoni ya kwanza ya Foundation, ile ya Apple TV+ iliyotoka 2021, na kama hujaiona ishia hapa kwanza maana ntamwaga kila kitu.

Kwa wasioijua, kuna dola inatawala galaksi nzima, makao makuu sayari inaitwa Trantor. Karibu miaka 400 kabla ya hadithi kuanza kaizari mmoja, Cleon wa Kwanza, aliamua kiti hakitakaliwa na mtu mwingine milele, akatengenezwa kloni. Tangu hapo anatawala yeye tu kwa miili mipya. Wakati wowote wanakuwepo watatu, Dawn ndo kijana anayejifunza, Day ndo mwenye kauli, Dusk ni mzee amebaki kushauri na kuchora historia ukutani. Muda wa mzee ukiisha anaingia kwenye mwanga anageuka majivu, kichanga kinaletwa, kila mmoja anapanda ngazi moja. Sura ileile karne na karne, hamna ugomvi wa mrithi wala nini.

Sasa kuna dini inaitwa Luminism ina waumini matrilioni, na kuna kuhani mwanamke, Zephyr Halima, anasimama hadharani anasema mtawala wa kunakiliwa hana roho. Hilo neno moja linaitikisa dola kuliko jeshi lolote. Ikabidi Day, ambaye ni Cleon wa 13, asafiri mwenyewe mpaka kule, avue kinga zake zote, atembee jangwani bila maji wala chakula kama hujaji mwingine yeyote mpaka kwenye pango ambako mwenye roho anaonyeshwa maono. Anarudi yupo hoi midomo imepasuka, anawaambia makuhani ameona ua lenye petali tatu, wakalitafsiri kuwa ni wale ndugu watatu, yani roho anayo. Halima kashindwa. Alafu baadaye tunakuja kuonyeshwa kwamba pale pangoni hakuona kitu. Giza tu.

Hapo ndo swali langu linapoanzia. Nyie mnalisoma vipi lile giza? Ina maana kloni hana roho kweli, Halima alikuwa sahihi? Au roho anayo ila huyu mtu mmoja alienda kule akiwa na nia ya kushinda kesi na sio kutafuta kitu, na mwenye nia hiyo haonyeshwi hata angezaliwa na mama? Na kwa nini dola yenye meli za kuunguza sayari nzima iogope sentensi moja kuhusu roho?

Naomba tusiishie kwenye "ni muvi tu", mi naona hili ni swali la kweli na siku moja watu watalijibu mbele ya mtoto aliye hai.

chembe_hai:

Swali zuri sana mkuu. Mi ntaanzia upande wa seli maana naona watu wengi wakisikia kloni wanawaza fotokopi, mtu anaingia kwenye mashine wanatoka wawili wana kumbukumbu moja. Haiko hivo kabisa.

Chukua Dolly, yule kondoo wa kloni wa taasisi ya Roslin kule Scotland. Alizaliwa Julai 1996, dunia ikatangaziwa Februari 1997. Walichofanya ni kuchukua seli ya kiwele cha kondoo jike mwenye uso mweupe, wakachukua yai la kondoo mwingine mwenye uso mweusi, wakatoa kiini cha lile yai na kuweka ile seli, alafu kijusi kikapandikizwa kwa kondoo wa tatu naye uso mweusi. Kondoo mwenye uso mweusi akazaa mwenye uso mweupe, hapo wakajua imekubali. Lakini walijaribu mayai 277 kupata Dolly mmoja! Na bado hakuwa nakala kamili, maana kuna DNA kidogo nje ya kiini, kwenye mitokondria, na hiyo ilitoka kwa mwenye yai. Kwaiyo hata kwa hesabu ya maabara Dolly alikuwa na mama watatu na hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye.

Mfano ninaoupenda zaidi ni paka, wa Texas, alizaliwa Desemba 2001 wakamwita CC. Aliyenakiliwa alikuwa paka wa rangi tatu, ana mabaka ya chungwa. CC akatoka hana chungwa hata kidogo. DNA ileile! Sababu ni kwamba paka jike ana kromosomu X mbili na kila seli inazima moja, asa ile seli waliyoichukua ilikuwa imeshazima ile yenye rangi ya chungwa. Fikiria, wameshindwa kunakili manyoya, ndo mtu anasema amenakili nafsi ya mfalme.

Na kumbukumbu hazimo kwenye DNA. Kloni wa mtu wa miaka 60 ni kichanga kisichojua hata kushika kijiko, kitakua kwenye miaka mingine na hofu nyingine na walezi wengine. Kwaiyo Nyota, kisayansi Cleon wa 13 ni pacha wa Cleon wa Kwanza aliyechelewa kuzaliwa kwa karne kadhaa. Basi. Kama pacha ana roho, huyu anayo, na kama pacha hana hapo mwenye kazi ya kueleza ni Halima.

mwenge_wa_zamani:

@chembe_hai umemaliza upande wa seli ila naomba niongeze kitu ambacho naona waandishi wa ile tamthilia wamekiweka kwa makusudi. Wahenga walituachia semi mbili zinazogombana, mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Angalia kasri la Cleon lilivyo, wametumia zote mbili kwa pamoja! Damu tayari ni ileile, sasa kwa nini yule mzee na yule wa kati bado wakae na kijana mezani kila siku? Kuna ile sini wanakula pamoja na mikono inaenda sawa, wanakata pamoja, wanainua pamoja. Kwa nini kuna Demerzel, yule roboti mwenye umbo la mwanamke, analea kila kichanga kizazi baada ya kizazi kwa maneno yaleyale?

Kwa sababu wanajua damu haitoshi. Dola yenyewe haiamini imani yake. Ingekuwa kweli kila kloni ni Cleon kwa asili, ungemwachia akue popote na angekuja kuwa Cleon tu, lakini wanamlinda mtoto asikutane na upepo wowote ambao Cleon wa Kwanza hakukutana nao. Kwaiyo kinachonakiliwa pale ni malezi, kwa nguvu, kila siku, mpaka mtu asijue kama kuna namna nyingine ya kushika uma.

Alafu njoo kwa Dawn wa sizoni ya kwanza, Cleon wa 14. Haoni rangi sawasawa, anatumia mkono wa kushoto. Vitu vidogo sana, mtoto wa jirani yako anavyo na hakuna anayejali. Yeye anaishi kwa hofu usiku na mchana, anakariri ndugu zake wanavyofanya ili asigundulike. Mi nililia pale, sikutegemea. Mtoto ana kila kitu kwenye galaksi na anaficha mkono wa kushoto.

Kwa hiyo kuhusu lile giza la pangoni, mimi nalisoma hivi: Day hakuona kitu kwa sababu hajawahi kuruhusiwa kuwa na kitu cha kwake cha kuonyeshwa. Maono ni ya mtu mmoja, na yeye amelelewa kutokuwa mtu mmoja.

kalamu_ya_ustadhi:

Assalam alaykum na amani kwenu wote. Naona tunatumia neno roho kwa mambo mawili na ndo maana Nyota unazunguka. Lugha yetu imetupa maneno mawili tuyatumie. Kuna roho na kuna nafsi.

Roho ni ile pumzi, kitu anachopewa kiumbe akawa hai. Kwetu Waislamu kuna hadithi ya Ibn Masud, iko kwa Bukhari na Muslim, inayoeleza mtoto tumboni anapita hatua za siku arobaini arobaini kisha malaika anatumwa kumpulizia roho. Haisemi malaika anaangalia kwanza mbegu ilitoka wapi. Na kwenye Suratul Israa aya ya 85 watu walipouliza kuhusu roho wakajibiwa kwamba ni katika amri ya Mola, na sisi hatukupewa elimu ila kidogo. Kwaiyo mtu akiniuliza kloni ana roho, jibu langu ni kwamba akiwa hai anapumua basi kapewa, na aliyempa sio fundi wa maabara. Mafakihi wa Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu walikaa 1997, mwaka uleule Dolly alipotangazwa, wakaharamisha kumtengeneza binadamu kwa njia hiyo. Naomba tuelewane hapa, kuharamisha kitendo ni jambo moja na kumkana mtoto akishazaliwa ni jambo lingine kabisa. Mtoto wa zinaa naye tendo ni haramu ila yeye ni mtu kamili ana haki zake.

Nafsi ndo mimi, ndo wewe, ndo ile itakayoulizwa. Kila nafsi itaonja mauti. Sasa hapa ndo dola ya Cleon ilipovunja kitu, wao hawakumnyima mtu roho, walimnyima nafsi. Wamemwambia wewe sio wewe, wewe ni yeye. Halima kama angetumia neno sahihi angesema mtawala huyu roho anayo, nafsi ndo kaporwa.

Mjukuu_wa_Neema:

Ustadhi nakuunga mkono na mi ni Mkristo. Ezekieli 18:20, roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Nimeiwaza ile aya nikiangalia ile tamthilia maana kuna jambo linanisumbua, hesabu ya dhambi.

Mnakumbuka mwanzoni lile daraja la kupanda angani lilipolipuliwa? Day wa wakati ule, Cleon wa 12, akaamuru Anacreon na Thespis zipigwe mabomu, sayari mbili, watu wasiohesabika, na ushahidi wenyewe haujakamilika. Miaka 30 na kitu inapita, Cleon wa 12 sasa ni mzee Dusk na kwenye kiti yupo Cleon wa 13. Ukimuuliza wa 13 nani alijenga ufalme atasema sisi. Ukimuuliza nani aliua wale watu? Ule ni uamuzi wa ndugu yangu. Sifa wanarithi wote, damu ya watu inabaki kwa aliyepita, na aliyepita kesho anaingia kwenye mwanga anakuwa majivu, hakuna kaburi wala wa kumshtaki. Huo ndo utamu wa kuwa mtu mmoja kwenye miili mingi, unakuwa wa milele wakati wa kusifiwa na unakuwa umekufa wakati wa kuulizwa.

Ndo maana naona waliogopa sana neno la Halima. Ukikubali kila mmoja ana roho yake, basi kila mmoja ana hukumu yake. Na ukisema wana moja tu wote, basi huyu aliyekaa kitini leo anabeba karne nne zote mabegani. Hakuna jibu ambalo kaizari analitaka. Kwaiyo akaenda akadanganya kuhusu ua, alafu bado akamtuma Demerzel akamuue Halima kwa sumu hata baada ya kushinda! Ameshinda kesi na bado anaua. Mtu aliyeona kitu kweli pangoni asingefanya hivo.

Tai_wa_Kusi:

Naomba niwe tofauti kidogo. Nadhani mnampa Halima utakatifu ambao hakuwa nao wote. Alikuwa anagombea uongozi wa dini yake, alijua akisema kloni hana roho anatikisa kiti na yeye anapanda. Naamini aliamini alichosema, ila kile kilikuwa pia silaha. Na ni silaha ya hatari ndugu zangu, kwa sababu leo unamwambia mfalme hana roho tunashangilia, kesho sentensi hiyohiyo anaambiwa mtoto wa maskini aliyetengenezwa kloni bila kuombwa ruhusa. Historia ya binadamu imejaa watu walioambiwa hawana roho ili wauzwe. Sentensi hiyo mi siishangilii hata ikimpiga dhalimu.

pacha_aliyebaki:

Nimekuwa nasoma tu ila @chembe_hai umegusa pacha na mimi ni pacha, wa kufanana kabisa, yai moja. Kama alivyosema, kwa DNA sisi tulifanana kuliko hata Dolly na mama yake maana sisi hata mitokondria ni za yai lilelile.

Tulivyokuwa wadogo watu walikuwa wanatuita kwa jina moja. Sio kwa ubaya, walikuwa wanachanganya wakaona wafupishe, yeyote atakayegeuka ni sawa. Mmoja akikosea tunachapwa wote. Tukipewa zawadi ni moja tugawane. Mama yetu peke yake ndo hakuwahi kukosea, hata gizani kwa mlio wa hatua alijua huyu ni nani. Mi nilikuwa mwepesi wa hasira, mwenzangu alikuwa anaweza kukaa na jambo mwezi mzima ndo aseme. Hilo hamna mtu alitufundisha.

Ndugu yangu alifariki miaka sita sasa. Kwenye msiba kuna mtu mzima, na alikuwa na nia njema namjua, alinishika mkono akaniambia usilie sana, tukikuona wewe ni kama tunamuona yeye, hajaondoka. Nilimshukuru. Usiku sikulala, nilikuwa nawaza mbona hii faraja inaniuma hivi. Imenichukua muda kuelewa, ni kwamba kama yeye hajaondoka kwa sababu mimi nipo, basi hakuwahi kuwepo, alikuwa ni mimi wa ziada tu.

Sasa niliposhika ile episodi ya mzee Dusk anapelekwa kwenye mwanga nilishindwa kuendelea, nikaizima nikarudi kesho yake. Mnakumbuka pale hakuna anayelia? Ni sherehe. Yule mzee anaogopa, macho yake yanaonyesha kabisa anaogopa, anamuona kichanga chenye sura yake, na hakuna mtu pale anayeruhusiwa kusema huyu anakufa, kwa sababu rasmi hakuna anayekufa, Empire, yani kaizari, yupo. Mtu anaondoka duniani bila kuliliwa kwa sababu nakala ipo.

Kwaiyo Nyota kuhusu swali lako mi sijui mambo ya pango. Ila najua roho ya mtu inaonekana wapi, inaonekana kwenye ile nafasi anayoiacha ambayo mwingine hata awe na sura ileile haingii.

chembe_hai:

@pacha_aliyebaki pole sana ndugu yangu. Nimesoma mara tatu. Niliandika "pacha aliyechelewa" kama mfano tu wa darasani, nashukuru umeuweka mahali pake.

Mjukuu_wa_Neema:

Pole sana kaka. Mungu amrehemu.

kamanda_Rexi:

Pole mkuu. Mi nilitaka kuleta upande mwingine, naona unaingia vizuri baada ya alichosema pacha kuhusu jina moja.

Kwenye Foundation kloni yupo juu, ndo kaizari. Kwenye Star Wars: The Clone Wars, ile katuni iliyoanza 2008, kloni yupo chini, ni mwanajeshi. Mamilioni wametolewa kwa mtu mmoja, Jango Fett, wakatengenezwa sayari ya Kamino, wakakuzwa haraka kuliko binadamu wa kawaida ili wawahi vita. Wanapewa namba. Rex ni CT-7567, Fives ni CT-5555. Na kitu cha kwanza wanachofanya hawa vijana wakipata nafasi ni kujipa majina! Mmoja ananyoa hivi, mwingine anachora tatuu, mwingine anapaka kofia yake rangi. Hamna aliyewaambia. Sura moja, sauti moja, wote wamelelewa kambi moja kwa ratiba moja, yani kile @mwenge_wa_zamani alichosema, damu NA malezi vyote sawa, na bado mtu anajitafutia jina.

Ilibidi wawekewe chipu kichwani kwa siri ili amri ikitoka wawaue makamanda wao wa Jedi, wale wapiganaji wanaowaongoza vitani, bila kujiuliza. Fikiria hiyo chipu inamaanisha nini. Kama wangekuwa hawana kitu ndani, chipu ingekuwa ya kazi gani? Hufungi mlango wa chumba kitupu. Fives aligundua akajaribu kusema, akauawa na kloni mwenzake kabla hajaaminiwa. Ile episodi bado inaniuma.

Sasa linganisha. Askari alipewa namba akajitengenezea jina. Kaizari alipewa jina kubwa kuliko yote kwenye galaksi, Cleon, na cha kwake peke yake kwenye hilo jina ni namba. Wa 12, wa 13, wa 14. Mi naona kati ya hao wawili aliye huru zaidi ni yule askari hata akiwa na chipu.

Na kwa wapenzi wa Star Trek mumkumbuke Weyoun wa Deep Space Nine. Vorta, jamii yake, ni kloni, akifa anatolewa mwingine, na imani yao kwa Founders, watawala wao, kama miungu imewekwa kwenye jeni kabisa, hawajaichagua. Lakini Weyoun wa 6 akatoka akaona vita ya hao Founders ni makosa akakimbia, wakati mtangulizi wake na mrithi wake hawana shida nayo. Akajitoa uhai kumlinda Odo, mmoja wa jamii ya Founders, na kabla hajafa akaomba baraka. Ibada ilikuwa imepandikizwa ila pale mwisho mimi siwezi kusema haikuwa ya kwake.

Tai_wa_Kusi:

@kamanda_Rexi hiyo ya jina na namba imenigonga. Na inanirudisha kwa Demerzel ambaye tumempita haraka. Yeye ndo alimvunja shingo Dawn, Cleon wa 14, yule mtoto wa mkono wa kushoto aliyemlea mwenyewe tangu kichanga. Day alikuwa anasita! Ndugu yake alikuwa kashaanza kumuonea huruma. Roboti akamaliza. Alafu akaenda peke yake akajichuna ngozi ya uso akilia. Sizoni ya pili tunaambiwa Cleon wa Kwanza alimkuta amefungwa, akamfungua kwa sharti aliloliweka ndani yake, autumikie ukoo wake daima, kwaiyo hata kama anataka kuacha hawezi.

Na yeye ndo muumini wa kweli wa ile dini. Alishatembea ule mzunguko wa jangwani zamani sana na anasema aliona. Roboti kaona, kaizari hajaona. Kwenye vitabu vya Isaac Asimov, ambavyo tamthilia imetokana navyo, hamna hata haya mambo ya ukoo wa kloni, waandishi wa tamthilia wameyaongeza wenyewe, na Demerzel wa kwenye vitabu anajulikana kama mwanaume, kwaiyo hili la nani kaona nani hajaona ni swali walilochagua kulileta wao.

mwenge_wa_zamani:

Na baadaye Day anaambiwa kumbe waasi waliichezea DNA ya chanzo chenyewe, mwili wa Cleon wa Kwanza uliohifadhiwa. Kwaiyo hata yeye sio nakala safi. Dawn kauawa kwa kosa ambalo aliyekuwa anamhukumu alikuwa nalo mwilini.

Nyota_ya_Saba:

Wakuu asanteni, sikutegemea uzi ungefika hapa. @pacha_aliyebaki pole sana kaka, na asante kwa kuamua kuandika.

Nimeenda kuangalia tena ile sini ya pangoni baada ya kusoma ya ustadhi na ya kamanda. Kuna kitu sikukiona mara ya kwanza. Akishatoka, akishashinda, Demerzel anamzungumzia yale maono kwa furaha kabisa, kama mtu anayedhani hatimaye amepata mwenzie wa kuzungumza naye jambo alilolibeba peke yake miaka maelfu, na anamuonea huruma mtu yeyote ambaye angefika kule asione kitu. Na Day anasikiliza. Uso wa yule mwigizaji, Lee Pace, hauna neno hata moja ila unaona kabisa kuna mtu mle ndani, mmoja, anaogopa kitu ambacho wale 12 waliomtangulia hawakuwahi kukiogopa maana hawakuwahi kwenda kule.

Nimebadilisha mawazo kidogo. Nilikuja na swali kama giza linathibitisha hana roho. Sasa naona ile hofu ni ya kwake. Hakuikuta kwenye kumbukumbu za ndugu zake, hakufundishwa mezani, hamna Cleon mwingine aliyewahi kuwa nayo. Ni kitu cha kwanza chake mwenyewe, na akakificha vilevile Dawn alivyoficha mkono.

Ila bado nna swali kwa chembe_hai na ustadhi kama mna muda. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuhusu kukloni binadamu, 84 waliunga mkono tamko la kuzitaka nchi zipige marufuku, 34 wakakataa, 37 hawakupiga upande wowote, na tamko lenyewe halimfungi mtu. Alafu 2018 China wakatangaza nyani wawili wa kloni, kwa njia ileile ya Dolly. Tukizungumza tunazungumza kuhusu kumzuia fundi tu. Yule mtoto siku akizaliwa, hayo matamko yanasema nini kuhusu yeye? Nimetafuta sehemu yake sijaipata.

kalamu_ya_ustadhi:

Nyota kwa sheria za mataifa sina ujuzi wa kukujibu, chembe_hai atakuja. Kwa upande wangu mtoto akishazaliwa mambo ni yaleyale ya siku zote, aadhiniwe, apewe jina zuri siku ya saba. Na lisiwe la yule aliyenakiliwa.